Theluthi Mbili

Igogo, Mwanza
18 Februari 2024

Odeta, rafiki yangu,

Kaa kwanza. Kama umesimama bustanini, weka jembe chini utafute pa kukaa, maana nikikuambia ukiwa umesimama utapiga kelele na huko unovisi, kwenye malezi ya usista, mmekatazwa kelele. Tunamwondoa Rais!

Si wa nchi jamani, Sista Mlezi asije akazimia akiifungua barua hii kabla yako (shikamoo Sista, naomba isomwe mpaka mwisho). Nasema Rais wa serikali ya wanafunzi hapa chuoni. Unajua uchaguzi wetu huwa Aprili. Basi Jumatano iliyopita kumebandikwa tangazo kwenye ubao wa kantini: uchaguzi umeahirishwa "hadi itakapotangazwa vinginevyo", na tume ya uchaguzi imevunjwa. Sababu? Kazi za maendeleo hazijaisha. Muhuri, sahihi, kwisha. Hakuuliza Bunge, hakuuliza mtu. Mimi mbunge wa mwaka wa pili nimeisoma habari hiyo nikiwa na sahani ya wali mkononi, kama ninasoma tangazo la kaptula iliyopotea.

Siku hiyo nilimfuata Spika wetu, Yunus, unamkumbuka, yule mpole anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Nikamwambia, "Mheshimiwa Spika, hili haliwezekani." Akajibu, "Dorcas, haliwezekani lakini limefanyika. Katiba inasemaje?" Nikaona aibu. Nimeapa kuilinda hiyo Katiba na sijawahi kuifungua ukurasa wa pili!

Nimeifungua sasa. Odeta, imo! Sura nzima ya kumwondoa Rais madarakani. Moja ya tano ya wabunge wanatia sahihi hoja ya maandishi, inakwenda kwa Spika, inakaa wiki mbili. Halafu kura ya siri, bila mjadala, ya kuunda kamati ya uchunguzi. Ikipata theluthi mbili Rais anakaa pembeni, anachunguzwa, anasikilizwa, halafu Bunge linapiga kura tena. Theluthi mbili tena, na anaondoka. Hakuna mawe, hakuna migomo, hakuna kuchoma matairi. Karatasi na kura tu! Nimesoma mara nne, mwili unasisimka kama nimepanda juu ya mwamba mrefu.

Muulize Sista Mlezi, aliyefundisha uraia miaka mingi: hivi ya nchi ndivyo ilivyo au sisi tumejitungia?

Naandika mbio, Winnie wa chumbani kwangu anaondoka kwenda Kisesa na yeye ndiye posta yangu.

Wako,
Dorcas

*

Unovisi, Kisesa
27 Februari 2024

Dorcas mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikaa kama ulivyosema, na nikapiga kelele hivyo hivyo.

Unajua umefanya nini? Umemfufua Sista Mlezi. Amekuja mezani na barua yako mkononi, macho yanang'aa, akasema leo badala ya kusomewa maisha ya watakatifu tutasoma uraia. Tuko wanovisi kumi na mmoja, akatugawa: wewe Spika, wewe Jaji Mkuu, wewe Rais. Mimi nilikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar!

Anasema ya nchi ni ibara ya 46A, na yenu ni mtoto wa hiyo, sura zinafanana kabisa. Huko wanaotia sahihi wasipungue asilimia ishirini ya wabunge wote, na Spika apewe taarifa siku thelathini kabla. Na makosa lazima yatajwe, huwezi kusema tu "tumemchoka". Awe amevunja Katiba au maadili ya uongozi, au amekidhalilisha kiti chenyewe, mambo ya namna hiyo. Kamati inaongozwa na Jaji Mkuu, na wa Zanzibar yumo (mimi!), pamoja na wajumbe saba. Wakati inachunguza, Rais anahesabiwa hayupo kazini. Lazima apewe nafasi ya kujitetea. Hilo Sista alilisema huku anagonga meza kwa kijiko. Na Bunge likipitisha kwa theluthi mbili kwamba mashtaka yamethibitika, anatakiwa ajiuzulu ndani ya siku tatu.

Nikamuuliza, "Sista, imeshatokea hapa kwetu?" Akasema, "Bado. Lakini mlango upo, na mwenye nyumba anajua upo."

Dorcas, endelea! Mimi yule Elias sikumwamini tangu kampeni zake, anacheka mno na meno yote. Nilijua akishakuwa Rais atanogewa na kiti. Mshirikishe kaka Mayala. Si ndiye Makamu wake? Tangu tukiwa wadogo hapendi uonevu hata kidogo. Aliwahi kupigana na mchunga ng'ombe mkubwa kuliko yeye kwa sababu ya ndama wa jirani. Akiwa upande wako hutashindwa. Hajaniandikia tangu Oktoba, mkaripie kwa niaba yangu.

Tumeanza novena. Siku tisa, wanovisi wote, tunamwombea mtoa hoja ashinde. Kwaresima hii nimeipenda.

Odeta

*

Igogo, Mwanza
17 Machi 2024

Odeta,

Tumeshinda kura ya kwanza! Jana! Naandikia gotini, usijali mwandiko.

Nikusimulie. Sahihi zilitakiwa tisa, maana wabunge tuko arobaini na watano. Nilipata saba mchana mmoja, halafu nikakwama. Watu wanampenda, Odeta. Ni kweli amefanya kazi. Ndiye aliyehangaika mpaka maji yakafika hosteli yetu ya wasichana. Zamani tulikuwa tunashuka ziwani na ndoo alfajiri, mimi mwenyewe nina kovu la kuteleza kwenye mawe. Msichana mmoja wa ghorofa ya juu aliniambia usoni, "Dorcas, unaoga kwa maji yake halafu unamng'oa?" Nilikwenda kulala nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Sahihi ya nane na ya tisa zilikuja zenyewe. Wa tisa alikuwa rafiki wa karibu wa Rais mwenyewe. Alisema, "Nampenda. Ndiyo maana nataka aondoke kabla hajaharibika."

Spika akapokea hoja, tukangoja wiki mbili. Jumanne tunakuta ukumbi una kufuli jipya na tangazo: "Matengenezo." Matengenezo gani! Na siwa yetu imo ndani. Siwa unaijua, lile rungu la kuchongwa linalokaa mbele ya Spika. Kanuni zinasema bila siwa mezani hakuna kikao. Tukapigwa na butwaa. Yunus, ambaye yuko kwenye mfungo na hata chai hana, akazisoma kanuni upya, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Imeandikwa siwa. Haikuandikwa siwa ipi."

Odeta, tuliruka! Mimi na Winnie moja kwa moja mpaka Bujora, kwa mchongaji Mashimba. Akatusikiliza, akacheka mpaka patasi ikamdondoka. "Huyo Rais wenu," akasema, "si ndiye aliyekuja kuniagiza ile ya kwanza? Alinisumbua kweli. Alitaka iwe na samaki na ng'ombe, akasema Bunge lazima liheshimike." Akatupatia rungu la mti mbichi, halijapigwa hata msasa. Lilikuwa linanuka utomvu.

Nilipita nje ya ukuta wenu wakati wa kurudi. Nilisikia mnaimba. Sikuingia, niliambiwa Kwaresima hamna wageni.

Basi jana tumekaa kikao juu ya miamba pale ziwani, chini ya Igogo. Meza ilikuwa mtumbwi uliopinduliwa. Ndege makorongo wamesimama pembeni kama wazee wa kanisa, wauza dagaa wameacha biashara kuja kuangalia, mama mmoja anauliza kwa sauti, "Hawa wanaoa au wanazika?" Kura zikatumbukizwa kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Yunus akahesabu. Thelathini na moja! Theluthi mbili ni thelathini! Vigelegele vya wale mama wa dagaa vilivuka maji, hata sijui walidhani tumefanya nini.

Sasa Rais yuko pembeni, Makamu anashika, na kamati ya uchunguzi inaongozwa na mwalimu wetu wa sheria. Atasikilizwa kama Sista alivyogonga na kijiko.

Kaka yako ni mzima wa afya. Tunaonana karibu kila siku.

Wako,
Dorcas

*

Igogo, Mwanza
17 Machi 2024

Mdogo wangu Odeta,

Natumaini u mzima na sala zinaendelea. Najua sijakuandikia tangu Oktoba. Kazi zilinizidi, utaelewa mwenyewe sasa hivi.

Elias aliacha chuo mwezi wa kumi na moja, alipata kazi Geita. Kwa Katiba yetu Makamu anachukua nafasi. Kwa hiyo Rais ni mimi. Sikutaka kulitangaza kwa barua, nilitaka nije kukueleza ana kwa ana nikiwa na kitu cha kukuonyesha.

Kitu kipo. Nimeleta maji hosteli ya wasichana. Nimeanza barabara ya kutoka lango kuu, mvua ikinyesha watu hawatavua viatu tena. Aprili nilitakiwa kuondoka, mradi uko nusu, anakuja mtu mwingine asiyejua hata mkandarasi anaitwa nani. Nikaona uchaguzi usubiri kidogo. Nani anabomoa nyumba ikiwa kwenye lenta?

Jana watu wamekaa kwenye mawe na ndoo ya rangi wakanisimamisha. Mtoa hoja ni Dorcas. Dorcas wetu, ambaye mama alikuwa anampimia ugali sawa na wetu. Amesimama juu ya mwamba akataja makosa yangu moja baada ya jingine, na watu wakampigia makofi. Nilikuwa nyuma ya vibanda, nilisikia kila neno.

Bado kuna kura ya mwisho baada ya kamati. Wewe ndiye rafiki yake. Mwandikie aiondoe hoja, nami nitatangaza tarehe ya uchaguzi, tumalize kifamilia. Baba na mama wasisikie kwamba mtoto wao ametimuliwa.

Kaka yako,
Mayala

*

Unovisi, Kisesa
22 Machi 2024

Dorcas,

Barua mbili zimefika siku moja, yako na ya Mayala. Nilianza na yako. Nilicheka mpaka kwenye mama wa dagaa. Kisha nikafungua ya pili.

"Kaka yako ni mzima wa afya. Tunaonana karibu kila siku." Mkono wako uliandikaje hayo?

Siku tisa, Dorcas. Wanovisi kumi na mmoja wamepiga magoti kuomba ndugu yangu ashindwe, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo.

Wiki Kuu inaingia. Hatuandiki barua. Usiniandikie.

Odeta

*

Unovisi, Kisesa
22 Machi 2024

Kaka Mayala,

Shikamoo. Nina swali moja tu. Kufuli la ukumbi, ulilinunua wewe?

Kama ni wewe, sitamwandikia Dorcas aondoe hoja. Nimemkasirikia kwa sababu yangu mwenyewe, na hiyo haikuhusu. Kaa mbele ya kamati, sema yako yote, watu wakusikie. Hiyo ni haki yako na nitakuombea uipate. Lakini mambo ya "tumalize kifamilia", hapana. Maji yalikuwa ya wasichana wote, na ukumbi ni wa watu wote, si wa familia yetu.

Ninalia ninapoandika, usidhani ni rahisi.

Mdogo wako,
Odeta

*

Igogo, Mwanza
21 Aprili 2024

Odeta,

Umesema nisikuandikie. Wiki Kuu imepita, Pasaka imepita, na Idi imepita. Nimengoja, sasa siwezi. Usiposoma, Sista Mlezi asome.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Ningekuambia ni Mayala ungesema "acha", na ungesema "acha" ningeacha. Hayo tu.

Sasa nikuambie ya jana.

Ukumbi ulikuwa umefunguliwa. Watu wamejaa mpaka madirishani, wengine wamekalia mabega ya wenzao. Asubuhi ya siku hiyo wajumbe wawili walimwendea Mayala na maneno matamu: jiuzulu kimya kimya, hoja ifutwe, uende zako bila doa. Alikataa. Alisema, "Nimeitwa kujibu, nitajibu." Odeta, nilipoambiwa hivyo nilijivunia kaka yako mpaka nikajishangaa.

Kamati ikasoma ripoti. Kuahirisha uchaguzi bila Bunge: imethibitika. Kuvunja tume: imethibitika. Kufunga ukumbi. Hapo mwenyekiti akasema Mayala mwenyewe alikuja mbele yao na ufunguo, akauweka mezani akasema, "Kufuli nililinunua mimi. Hakukuwa na matengenezo."

Kisha akapewa nafasi. Amevaa shati lake jeupe, lile la kipaimara chako. Hakubembeleza. Aliongea juu ya maji, juu ya barabara, jinsi alivyolala kwenye ofisi za watu kusubiri sahihi. Akauliza, "Kuna mtu humu anaweza kusema sikufanya kazi?" Wasichana wa hosteli wakaanza kupiga makofi. Yakapanda, yakapanda, nami nikajua hoja imekufa.

Yunus akaniita nifunge hoja. Karatasi yangu ilikuwa na kurasa tatu. Sikusoma hata mstari. Nikasema, "Kaka Mayala, hakuna anayesema hukufanya kazi. Mimi naoga kwa maji yako. Tunauliza jambo moja: nani alikuambia uendelee?"

Akanitazama. Halafu, Odeta, nakuapia, akatabasamu kidogo, vile anavyotabasamu akishindwa bao, akakaa.

Kura za siri. Yunus anazifungua moja moja, anazisoma kwa sauti yake ile ya kulea mtoto. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Nilifumba macho. Thelathini na tatu.

Imepita! Rais ameondolewa! Watu walirusha madaftari, Winnie alinibeba juu juu, sijui nani alikuwa anapiga filimbi. Na katikati ya kelele hizo Mayala alisimama, akasubiri mpaka watu wakanyamaza, akampa Spika mkono, akasema, "Nashukuru mmenisikiliza," akatoka kwa mlango wa mbele. Na watu wakampigia makofi tena! Wale wale waliopiga kura ya ndiyo! Nilikwenda nyuma ya jiko la kantini nikalia, na nilikuwa na furaha, na nililia.

Uchaguzi ni tarehe kumi na nane Mei. Mimi sigombei, wasije wakasema nilikuwa nakitaka kiti.

Ila leo nina wasiwasi. Mayala hayupo chumbani. Simu yake ameiacha imechomekwa kwenye chaji, wenzake wanasema alitoka na begi tu. Nyumbani kwenu sijathubutu kupiga. Ukisikia lolote, niambie, hata kama hutaki kuniambia kingine.

Dorcas

*

Unovisi, Kisesa
5 Mei 2024

Dorcas wangu,

Pumua. Leo ilikuwa siku ya wageni, na wamekuja wote, baba, mama na Mayala mwenyewe, mzima, mnene kidogo. Kaa chini nikusimulie, sasa ni zamu yako kukaa.

Jioni ile ya kura, jamaa mmoja wa huko chuoni anayetoka kijijini kwetu alimpigia mama. Mtandao mbovu, unajua kwetu Misungwi. Alichosikia mama ni hiki: "Rais Mayala... wamemwondoa." Kisha ikakata. Akapiga namba ya Mayala, inaita, hapokei. Akapiga tena na tena.

Dorcas, kwa mama neno hilo lina maana moja. Maisha yake yote amesikia redioni habari za marais wa huku na kule walioondolewa, na wote anaowakumbuka waliondolewa kwa bunduki. Akaangusha simu, akapiga ukunga. Majirani wakaja. Walipoambiwa mtoto ameondolewa kwenye urais huko Mwanza, nao wakaanza kulia. Mtu akakimbia kwa katekista. Baba akatoa viti nje. Wanawake walishaanza kuwasha moto wa msiba!

Na ndipo akatokea njiani, begi begani, anatafuna muwa.

Anasema aliposikia kilio alidhani bibi amefariki, akatupa muwa akaanza kukimbia kuelekea nyumbani huku naye analia. Watu wakamwona. Nusu wakakimbia! Mama hakukimbia. Alimfuata, akavua kandambili, akampiga nayo mgongoni mara mbili, "Ng'wana wane! Ng'wana wane!" mwanangu, mwanangu, halafu akamkumbatia akagoma kumwachia. Vigelegele vikapigwa mpaka watu wa kijiji cha pili wakaja na ngoma wakidhani ni harusi.

Baada ya chakula baba alimweka mbele yake. Mayala ametusimulia hapa leo huku baba anaangalia pembeni anajifanya hasikii.

"Nani amekutoa?"

"Bunge, baba. Mtoa hoja alikuwa Dorcas."

"Dorcas wa mzee Nestory?"

"Ndiye."

"Ulifanya nini?"

"Nilizuia uchaguzi. Nikafunga mlango wao."

Anasema baba alichokoa meno kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na umetembea mwenyewe mpaka hapa. Hakuna aliyekufukuza njiani?"

"Hakuna, baba. Walinipigia makofi."

"Basi wamekuheshimu. Mama Mayala, muongezee mboga."

Sista Mlezi aliyasikia hayo akatoka nje, amerudi macho mekundu, anasema ni vumbi.

Nami nisikufiche, nilikuwa bado na donge. Nimemuuliza Mayala, tukiwa wawili tu kwenye bustani, kama amekuchukia. Akasema, "Wiki ya kwanza ndiyo. Sasa naona wengine wote walikuwa wananisifu tu, na barabara ingeisha nami nisingeweza kutoka ofisini tena." Akaniambia kesho anarudi chuoni, na tarehe kumi na nane atapanga foleni apige kura kama watu wengine. Donge langu limeyeyuka hapo hapo, Dorcas. Nisamehe barua ile fupi. Njoo siku ya wageni ijayo, uje mchana kweupe kwa mlango wa mbele, wanovisi wote wanataka kumwona mtoa hoja.

Jambo la mwisho, na sijui nikuambieje. Walipokuwa wanaondoka mama alinivuta kando, ameshika mkono wangu kwa nguvu, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mlinzi getini aliisikia:

"Huyo Dorcas aliyemweza kaka yako, ameshaposwa?"

Mayala amekuwa mwekundu kama udongo wa Geita. Jibu upesi, mama anangoja.

Odeta